Kompyuta Iliyosukwa Nsambya

Mke wangu Huguette alianza kusuka vichwa tukiwa bado Bukavu, na mimi mumewe nimezoea kumgawana na watu. Anayekuja kusukwa huketi kwenye kigoda chetu asubuhi, akaondoka jua likizama. Nikirudi kutoka Kikuubo, ninakouzia vitenge, nakuta chakula kimefunikwa na mke wangu amesimama nyuma ya kichwa cha mtu. Hilo sijawahi kulilalamikia, maana vichwa vya watu ndivyo vilivyotulisha tulipofika Kampala mikono mitupu. Lakini jioni ile aliponiambia kwamba mteja wake mpya ni ubao, tena ubao wenyewe uko nyumbani kwa polisi mstaafu, niliweka kijiko chini.

"Ubao gani?"

"Iko na nywele ya chuma," akasema. "Njo niko naisuka."

"Juu ya nini?"

"Juu Afande Ochan hawezi tena kuona waya. Na ile waya iko nyembamba kushinda uzi."

Mimi si mtu wa wivu. Ulizia Kikuubo, watakuambia Barnabé ni mkali wa bei tu, mengine humwachia Mungu. Hata hivyo, mwanamume anayemwita mke wa mtu aje kumsukia waya ana jambo lake, na mimi nilitaka kulijua.

Afande Ochan alikaa karibu nasi hapa Nsambya, chini kidogo ya nyumba za polisi. Ni Mwacholi mrefu, na viatu vyake vinang'aa mpaka leo ingawa hakuna tena wa kuvikagua. Maisha yake yote ya kazi yalipita kwenye simu na redio za polisi: kupanda minara, kuunga waya, kupokea ujumbe usiomhusu na kuupeleka kwa unayemhusu. Miaka ya karibuni nilimwona akigongana na watu mabega njiani, na ukimsalimu kutoka ubavuni haitikii. Nilidhani ni maringo ya sare, yaliyobaki baada ya sare yenyewe kurudishwa.

Nilipokwenda kupeleleza, nilimkuta mkewe Akullo ameketi mlangoni anapepeta mbegu za simsim, miguu ameinyoosha kutoka mwimo huu hadi ule. Naye alikuwa polisi enzi zake. Hakuna jambo la siri ambalo lingeruka miguu ile, na moyo wangu ukatulia papo hapo.

"Karibu, Baba Bénit," akasema. Bénit ni mtoto wetu wa kwanza. "Wewe nakuja kuangalia bibi yako, ama nakuja kuangalia ile mashini?"

"Nakuja kusalimia tu, mama."

"Kale. Salimia haraka, halafu ingia uangalie."

Kumbe Akullo ndiye chanzo cha yote. Alikuwa kwetu anasukwa, mumewe akaja kumwomba ufunguo, na baada ya kupewa ufunguo hakuondoka. Alisimama kando akiikazia macho mikono ya Huguette, jinsi inavyopasua njia kwa mkia wa kichana, inachukua nywele inazozitaka na kuziacha za jirani, bila kukosea. Mke wangu husuka huku anasimulia habari za dunia nzima, macho yako barabarani. Afande alingoja mpaka kichwa kikaisha, akamwomba aje siku moja ajaribu waya mmoja tu. Huo mmoja ukazaa wenzake.

Basi nikaingia. Huguette alikuwa ameupakata ubao mpana wa kijani, uliowahi kuwa ndani ya mitambo ya zamani ya simu na ambao Afande aliuokota kwa wauza vyuma chakavu wa soko la Owino. Upande mmoja wa ubao una soketi, safu za matundu ya kupachikia vichipu. Upande wa pili, yale matundu yanatokeza vijiti vya chuma, vimesimama wima, vingi mno. Huguette alikuwa ameupindua ubao, vijiti vinatazama juu, na kwa kifaa kidogo chenye umbo la kalamu alikuwa akizungushia waya kwenye kijiti kimoja, anauvuta, anauzungushia kwenye kingine. Nilitambua mara moja kwa nini aliita nywele.

"Hii ni nini, Afande?" nikauliza.

"Kompyuta."

Nikacheka. Nikatoa simu yangu. "Na hii je? Hii pia ni kompyuta, na inapiga picha."

"Fungua."

"Nifungue nini?"

"Fungua hiyo simu. Onyesha mimi mahali inafikiria."

Niliigeuza simu huku na huku. Haikuwa hata na skrubu.

"Hawa watu nafunga na gundi," akasema. "Wewe nabeba mfukoni, lakini ndani si yako."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga njiani, na sasa sikujua niyaweke wapi. Akullo akaniletea kiti, na Afande akanieleza jambo ambalo nadhani hakuwa amelieleza kwa watu wengi.

Miaka ya themanini, akiwa kijana, alipelekwa kwenye kozi ya mawasiliano. Katika chumba kimoja kulikuwa na kompyuta, ya kwanza kuiona maishani. Mwalimu aliwaruhusu kubonyeza lakini hakuwaruhusu kufungua, na bisibisi ilikaa mfukoni mwake mwalimu. Ochan alibonyeza herufi moja, ikatokea kwenye kioo. Akabonyeza tena, ikatokea tena. Wenzake wakafurahi wakaenda kunywa chai. Yeye akabaki anajiuliza ile herufi imepita wapi, kati ya kidole na kioo. Swali hilo alitembea nalo kwenye minara, kwenye ndoa, kwenye miaka mibaya ya vita kwao kaskazini, hadi kwenye pensheni. Alipostaafu akaanza kukusanya vitu. Vichipu vidogo alivipata kwa wingi, akavijaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Ubongo wenyewe, chipu nyeusi yenye miguu arobaini, ya aina ileile ya mashine za miaka ile, alipata mmoja tu, ndani ya mtambo mbovu. Wa pili hakuupata, na nasikia hata waliokuwa wakizitengeneza wameacha.

Alipokuwa na kila kitu mezani, macho yakaanza kumsaliti. Daktari alimwambia kuna mgandamizo ndani ya jicho, na unaua mshipa kuanzia pembeni ukielekea katikati. Dawa ya matone inapunguza mwendo, lakini kilichokwenda hakirudi. Kwa hiyo Afande huona kupitia tundu, na tundu linazidi kuwa dogo. Wale aliogongana nao njiani hakuwaona kabisa.

"Mimi nataka kuona taa nawaka kwa sababu ya hii mikono," akasema, akasita, akamwelekea Huguette. "Hii mikono na ile. Niangalie mara moja tu. Halafu macho iende, mimi sitagombana na yeye."

"Na ikiisha, itakuwa inafanya nini?"

"Itawasha taa nane. Moja inawaka, inazima, ya pili inawaka. Natoka huku nafika kule, narudi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

Nilimtazama Huguette nikitaka tucheke pamoja. Hakuinua uso. Alikuwa ameshika waya kwa ncha ya ulimi, kama anavyofanya na uzi, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao sijauona hata kanisani. Nikaona wivu wa aina nyingine sasa. Nilitaka kujua anachokijua.

Kuuliza si ujinga, basi nikaanza kumwuliza mezani, tukila sombe, kisamvu cha kwetu.

"Ile kitu inajuaje taa gani ifuate?"

"Kila waya ni mutu mumoja anasimama ku mulango," akasema. "Hajui maneno mingi. Anasemaka 'ndiyo' ao 'hapana', basi. Ila wako wengi, na wanasemaka pamoja."

"Na inakumbuka?"

"Ukiizima, inasahau yote. Asubui unaanza kuifundisha tena."

"Basi haina akili."

"Iko sawa na wewe, kila siku naomba ulete chumvi."

Nililala na swali la watu wa mlangoni, nikaamka nalo. Kikuubo nikajikuta nampimia mteja kitenge huku nawaza: ndiyo, hapana, ndiyo. Mteja akaniuliza kama naongea naye.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Afande hakuwa tena na haja ya michoro. Alikuwa ameisoma mpaka ikaingia kichwani, naye alikaa kwenye kiti chake akitaja, kwa sauti ya mtu wa redio, polepole, kila neno mara mbili: mguu wa kwanza, kushoto, unakwenda soketi ya tatu, mguu wa tano, kulia. Huguette anazungusha, anaitikia, "Imeingia." Siku ya kwanza kabisa alimwuliza kushoto ni kwa nani, na Afande akajibu, "Kushoto ya chipu yenyewe." Jibu lilikuwa wazi, kila mmoja akaridhika nalo, na hapo ndipo walipopotezana.

Mvua za masika zilianza zikaisha wakiwa bado wanasuka. Wateja wa Huguette walinung'unika, mimi nikanung'unika pamoja nao. Hatimaye, Jumapili moja baada ya misa, aliniambia ubao umekwisha, twende tukashuhudie. Nilivaa shati la heshima, sijui kwa nini.

Afande hakupachika ubongo. Mtu wa mawasiliano, alisema, hapeleki moto mahali ambapo hajapima njia. Aliunga ubao kwenye betri ya bodaboda, kupitia kipande cha kupunguzia nguvu, kisha akachukua kifaa cha kupimia ambacho hulia kinapogusa umeme. Vidole vyake vilitafuta tundu ambalo moto ulipaswa kufika. Akagusa. Kimya. Akagusa tena. Halafu akahamia upande wa pili wa soketi, tundu linalotazamana na lile, na kifaa kikalia. Akajaribu soketi nyingine, mambo yakawa yaleyale. Akakiweka kifaa chini na kukaa.

"Mama Bénit," akasema. "Kushoto yako ni wapi?"

Huguette akamshika mkono, akauweka juu ya vijiti. "Hapa. Kushoto ya kichwa."

"Kichwa nakuangalia, ama nakupa mgongo?"

"Kichwa ya muteja? Inanipa mugongo. Siku zote."

Afande akafumba macho. Ilinichukua muda kuelewa, na Akullo ndiye aliyenisaidia. Mtu wa gwaride husimama mbele ya kikosi, wanatazamana. Akisema kushoto, ni kushoto kwao, ambako kwake yeye ni kulia, na amefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba hajui tena kama anageuza. Kwa Afande, ubao uliopinduliwa ni askari anayemtazama. Mke wangu naye amekulia nyuma ya vichwa. Kushoto kwa mteja ndiko kushoto kwake, hapana cha kugeuza. Basi alichotaja Afande kushoto, Huguette alikisuka upande ambao, ukiulaza ubao inavyotakiwa, ni kulia. Kila waya. Kazi nzima ilikuwa imekaa kinyume, safi na imara, hakuna hata mmoja uliolegea.

Nilipandwa na hasira. "Si wewe ulisema kushoto ya chipu?" nikamwambia Afande, katika nyumba yake.

"Ni mimi," akasema.

Hilo likanimaliza nguvu. Unagombanaje na mtu aliyekwisha kukubali? Huguette alikuwa amejiinamia, na nikajua ameumia. Kufumua yote na kusuka upya kungekula miezi mingine kama ile. Siku hizo Afande alikuwa akinyoosha mkono na kutazama kiganja chake mwenyewe, anaona kidole kimoja, vingine havipo. Kila mmoja wetu alipiga hesabu hiyo kimoyomoyo.

Akullo akauliza nani anataka chai. Huguette alikuwa ameuinua ubao, anaugeuza juu chini, juu chini.

"Masuko iko sawa," akasema mwishowe. "Ni muteja njo anakaa mubaya. Tumugeuze."

Tukamtazama. Akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa kichipu kibovu, akakilaza chali mezani kama mende aliyepinduka, miguu inatazama dari. "Akilala hivi, kushoto yake inahama. Inafika kwenye nilisuka."

Afande akakipapasa. Akakigeuza, akakirudisha chali. Halafu akacheka, kicheko kirefu, na ilikuwa mara ya kwanza kukisikia. Kikakatika ghafla.

"Miguu inaangalia juu sasa. Lazima sisi tukunje yote, irudi chini. Chuma ya zamani, ukikunja inakatika."

Vichipu vidogo vilikuwa na akiba kopo zima. Ubongo ulikuwa mmoja. Mguu wake ukikatika, hakuna taa, si mwaka huu wala mwakani. Na tusipoukunja, taa zitawaka mbele ya mtu asiyeona. Ndivyo lilivyokuwa jambo lenyewe, na lilikuwa la Afande peke yake kuliamua.

"Kwetu," akasema Huguette, "kichwa nusu haitokake ku mulango. Mutu akitoka na upande moja, ni mukosi kwa yeye na kwa mwenye alimusuka. Mimi sijaacha kichwa nusu, Afande. Sema tufumue, nafumua. Sema tukunje, nakunja."

"Mzee," Akullo akamwambia mumewe, "wewe nangoja hii mashini tangu mbele ya kuoa mimi. Nangoja nini tena?"

Afande akakaa akisugua goti. "Kunja," akasema.

Huguette alianza na vile vidogo. Kwa koleo, mguu wa kwanza ulikatika palepale. Huguette akaitupa koleo kando, akatoa kwenye mkoba wake kichana cha chuma, kile cha mkia mrefu alichotoka nacho Bukavu. Akakilaza ubapa kwenye safu nzima ya miguu, akaiegemeza kwenye ukingo wa meza, akaisukuma yote kwa pamoja, kidogo, akapumzika, kidogo tena. Nywele moja ukiivuta peke yake hukatika, alisema, lakini zikiwa nyingi husaidiana. Vichipu vikakubali kimoja baada ya kingine, na kila kilipokubali Afande alikipapasa na kukisifu kwa Kiacholi.

Ubongo ukaachwa mpaka Jumapili iliyofuata. Mimi niliambiwa nishike meza isitikisike. Mwenye duka Kikuubo, mshika meza Nsambya. Nikaishika kwa nguvu zangu zote.

Safu ya kwanza ilikunjika yote. Safu ya pili ikaanza vizuri, ikafika katikati, ikapita, na karibu na mwisho tukasikia sauti ndogo, kama mtu aliyekata ukucha. Kipande cha chuma kikaangukia mezani, chepesi, nikakiona kinang'aa karibu na kidole changu. Niliumia, nasema wazi. Mimi yuleyule niliyeuliza kama ni hayo tu. Huguette aliweka kichana chini na kujifunika uso.

"Namba ngapi?" akauliza Afande.

Mikono ya Huguette ilibaki usoni.

"Mama Bénit. Namba ngapi?"

Wakahesabu pamoja, kidole cha Afande na cha Huguette, na safari hii walikubaliana kwanza mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ulikuwa mguu wa kumi na nane. Afande akachezesha midomo, anapitia kitu kichwani.

"Geuza ubao," akasema. "Pale ya kumi na nane, waya iko?"

Huguette akageuza, akatafuta kijiti, akakuta kimesimama kitupu. "Hapana. Haukunitajia waya ya kuweka hapa."

"Mimi haikutaja kwa sababu haina kazi kwetu. Ile mguu haisikii kitu. Yeye nasema tu. Mashini ikisimama, yeye ndiyo natangaza 'mimi nimesimama'." Akatabasamu. "Sasa haitasema. Itembee tu."

"Una hakika?" nikamwuliza.

"Baba Bénit, mimi ilisoma hii kitu mpaka ilimaliza macho."

Wakamaliza safu. Ubongo ukalazwa chali mahali pake, miguu thelathini na tisa, ukaingia. Mbele ya ubao kulikuwa na vitufe vidogo vya kupandisha na kushusha, nane kwa safu. Afande akaanza kuvipanga kwa vidole, juu, chini, juu, juu, akabonyeza cha pembeni, akavipanga upya. Ndivyo alivyokuwa akiifundisha, neno kwa neno, kwa mikono tu. Nikakumbuka watu wa mlangoni: ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo. Sasa nilikuwa nawaona wanapewa kazi mmoja mmoja. Alipomaliza, akapandisha kitufe cha mwisho kabisa.

Taa ya kwanza ikawaka, nyekundu. Ikazima, ya pili ikawaka. Ya tatu. Sikuwa nimejua kwamba nimeshika mkono wa Akullo, mpaka aliponiambia nimwachie vidole vyake.

Lakini Afande alikuwa amekunja uso. "Iko wapi?" akasema. "Mimi naona moja, halafu inapotea." Tundu lake lilikuwa dogo kuliko safu ya taa. Taa moja ilimtosha, na ikihama inatoka machoni mwake. Akageuza shingo kuifuata, akaipita, akarudi, imekwisha kuhama tena. Taa zinawaka mbele ya mtu aliyezingoja tangu ujana, na yeye anazitafuta mezani kama mtu aliyeangusha sindano. Sikuweza kutazama.

Huguette akasimama. Alizunguka nyuma ya kiti chake, akamshika kichwa kwa ncha za vidole, huku na huku juu ya masikio, kama anavyowashika wateja wake siku nzima, geuka huku mama, inama kidogo. Akakigeuza pamoja na taa. Polepole kuelekea kulia, mpaka ya nane, akakirudisha kushoto, mpaka ya kwanza, akakigeuza tena.

"Eee," akasema Afande. "Eee. Yeye hii. Naiona." Machozi yalimtoka wazi, hakuyafuta, na kichwa kikaendelea kwenda na kurudi mikononi mwa mke wangu hadi chai ya Akullo ikapoa.

Tundu liliziba kabisa kabla ya Krismasi. Huguette sasa anasuka ubao wa pili, wenye sauti, na wamekubaliana kwamba kushoto ni kushoto kwa msusi, basi. Ule wa kwanza uko mezani palepale. Ukizimwa unasahau, na kila siku Afande huufundisha upya kwa vidole, hakosei. Mimi nikitoka Kikuubo hupitia kwao, kusalimia tu.

Mara ya kwanza kumkuta hivyo, alipandisha kitufe cha mwisho, akageuza uso kuelekea hatua zangu.

"Baba Bénit, inatembea?"

"Inatembea."

"Taa naenda wapi?"

"Kulia," nikasema.

"Kulia ya nani?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, tunatazamana. Nikaweka mzigo wangu wa vitenge chini, nikazunguka nyuma ya kiti, nikamshika kichwa kama nilivyomwona mke wangu akifanya, nikaanza kukigeuza, taa kwa taa, mpaka ya nane, nikakirudisha.

"Mikono yako ngumu, si kama ya bibi yako," akasema Afande. "Lakini endelea."